Kichanja cha Pipa la Maji

Mazungumzo ya mafundi seremala mbele ya wahitimu wa kisomo na wanakijiji wa Izigo, Wilaya ya Muleba



Leo tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho hakisemwi sana mikutanoni. Ni kichanja cha kuwekea pipa la maji ya mvua. Hatusemi tangi kubwa la shule au la zahanati. Tunasema pipa moja la lita 200, lile linalokaa kwenye kona ya nyumba, chini ya mfereji wa bati.

Kichanja cha vyombo kila mtu anakijua. Unachimbia vijiti vinne, unalaza matete juu, unaanika sahani na sufuria. Kikianguka, unaokota sahani. Sasa wengi wetu tunapojenga kichanja cha pipa, tunajenga kilekile cha sahani, ila tunakikuza kidogo. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu tumeomba nafasi hii.

Kwanza tuulizane, kwa nini tuhangaike na pipa? Sisi watu wa huku tunaishi juu, na maji yako chini. Nyumba na migomba viko mlimani, chemchemi iko bondeni. Mama anateremka na ndoo tupu, anapanda na ndoo iliyojaa. Mtoto anachelewa shule kwa sababu ya maji. Na huku nyuma, mvua inanyesha juu ya bati letu na kupotea kwenye migomba. Nchi yetu hii ya kando ya Ziwa Viktoria imejaliwa mvua. Bukoba hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu nyingi za Tanzania hazipati hata nusu ya hiyo.

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu mmejifunza. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya bati lenye eneo la mita moja ya mraba, unapata lita moja ya maji. Sasa chukua upande mmoja wa nyumba, urefu mita 5, upana mita 4. Tano mara nne ni ishirini. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida tu, unapata lita 200. Pipa limejaa! Kidogo kitapotea njiani, lakini ndoo karibu kumi zimekuja mlangoni zenyewe, hakuna mtu aliyeteremka bondeni.

Basi pipa ni jambo jema. Lakini pipa likikaa chini kwenye udongo, ndoo haiingii chini ya bomba lake. Watu wanachota kwa juu na kikombe, na kikombe kimeshikwa na kila mkono. Maji yanachafuka. Ndiyo maana pipa linapandishwa juu ya kichanja, na bomba linafungwa chini yake.

Sasa sikilizeni habari ya uzito.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Huhitaji mizani kujua. Debe la lita 20 ni kilo 20, na akina mama mnalijua hilo kwa shingo zenu. Kwa hiyo pipa la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200. Pipa lenyewe la chuma, likiwa tupu, lina kilo kama 20. Jumla ni kilo 220. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia, na juu yake debe moja la maji. Mzigo huo haushuki jioni ukapumzika. Unakaa hapo usiku na mchana, wiki hata wiki.

Tatizo ni kwamba pipa tupu halitishi. Vijana wawili wanalinyanyua, wanaliweka juu ya kichanja, wanalisukuma kidogo kwa mkono. Halitikisiki. Wanasema, “Kiko imara.” Lakini walichojaribu ni kilo 20. Kilo 200 zitakuja zenyewe na mvua, pengine usiku, watu wakiwa wamelala.

Tumeona kichanja cha namna hiyo katika kijiji cha jirani. Mwenyewe hatumtaji, na hakuna haja. Alichimbia nguzo nne za mkaratusi, nguzo nene nzuri, huwezi kuzilaumu. Kisha akapigilia mbao za kubebea pipa kwenye ubavu wa nguzo, kila mwisho misumari miwili. Kiangazi chote kichanja kilikaa vizuri, kwa sababu pipa lilikuwa na maji nusu, au robo. Mvua kubwa ya kwanza ya vuli pipa likajaa. Usiku ule misumari ya upande mmoja ikapinda, mbao ikashuka, pipa likalala ubavu na kwenda chini. Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa pale walikufa. Jioni ile kabla ya mvua, watoto walikuwa wakicheza palepale walipofungwa mbuzi.

Tulikwenda kutazama asubuhi. Nguzo zote nne zilikuwa zimesimama, na mbao haikuvunjika. Kilichoshindwa ni misumari, kwa sababu ilipewa kazi isiyo yake.

Msumari kazi yake ni kushika, kazi ya kubeba ni ya mbao. Mbao ya kubebea ikipigiliwa ubavuni mwa nguzo, haikai juu ya kitu. Inaning'inia kwenye misumari. Ni kama kumwambia mtu abebe gunia kwa kucha badala ya bega. Mbao ikilowa na kukauka, tundu la msumari linapanuka, na mzigo unaendelea kuuvuta msumari chini kidogo kidogo. Siku moja unaachia.

Kwa hiyo katika kichanja chetu kila mbao inayobeba lazima ikae juu ya mbao nyingine, na mguu ukae juu ya jiwe. Uzito uteremke wenyewe mpaka ardhini bila kupita kwenye msumari. Ukikielewa hicho, mengine yote tutakayosema leo unaweza kuyabadilisha kufuatana na mbao ulizonazo.

Haya, tujenge.

Vipimo vyetu ni vya pipa la chuma la kawaida. Kimo chake ni kama sentimita 88, na upana wake hauzidi sentimita 60. Kichanja kitakuwa na upana wa sentimita 80 kila upande, na kimo cha sentimita 55. Wako watakaosema 55 ni fupi mno. Wanataka pipa likae juu kama kichwa cha mtu ili maji yatoke kwa nguvu. Sisi hatukubaliani nao. Ndoo ya lita 20 inapita chini ya bomba kwa kimo hicho, ya nini kuongeza? Kila sentimita unayoongeza inafanya kichanja kiwe rahisi zaidi kupinduka. Tena mfereji wa bati lazima uwe juu ya mdomo wa pipa, na nyumba zetu nyingi haziko juu sana.

Nunua mbao nne za inchi mbili kwa nne, zenye urefu wa futi 12. Ongeza mbao moja nyembamba, ya inchi moja kwa nne, urefu huohuo. Hizo zinatosha, usiuziwe zaidi.

Mbao ya kwanza ni ya miguu. Kata vipande vinne vya sentimita 50 na vipande vinne vya sentimita 40. Mbao tatu zilizobaki, kila moja ikate vipande vinne vya sentimita 80. Utapata vipande 12. Viwili ni vya kubebea, saba ni vya kulaza juu, na vitatu ni vya kufungia miguu chini. Kila mbao itabakiza kipande kama cha sentimita 45. Usikitupe jikoni. Tutakihitaji.

Sasa mguu. Wenye patasi na mbao nene ya inchi nne kwa nne watachonga pengo kwenye kichwa cha mguu, na mbao ya kubebea itakaa humo. Lakini tunajua wengi hawana patasi, na wengine wanayo ila haina makali. Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kipande kirefu cha sentimita 50 na kifupi cha sentimita 40. Vilaze pamoja, ubapa kwa ubapa, vilingane upande wa chini. Vipigilie kwa misumari ya inchi nne, mitano au sita, uiinamishe kidogo isitokeze upande wa pili. Ukivisimamisha, utaona upande wa juu kipande kirefu kimezidi kwa sentimita 10. Pale kifupi kinapoishia pamekuwa na bega. Mbao ya inchi nne upana wake ni sentimita 10. Kwa hiyo ukiisimamisha juu ya bega hilo, inalingana sawasawa na kichwa cha kipande kirefu. Kifupi kinabeba, kirefu kinazuia isianguke kwa ndani. Hapo hujatumia patasi wala kumwita fundi.

Tengeneza miguu minne ya namna hiyo. Mabega yote yatazame nje, mawili mbele na mawili nyuma. Mbao moja ya kubebea ikae juu ya mabega mawili ya mbele, nyingine juu ya mabega mawili ya nyuma. Zisimame kwa ubavu wake mwembamba, zisilale. Mbao ikisimama ina nguvu zaidi kuliko ikilala. Chukua rula ya mwanao ya shule uijaribu. Ilaze uikunje, inapinda. Isimamishe kwa ukingo wake uikunje, inakataa. Kisha pigilia misumari kutoka nje kwenda kwenye kipande kirefu. Misumari hiyo sasa inashika tu, haibebi.

Juu yake laza vile vipande saba, kutoka mbele kwenda nyuma, ukiacha nafasi ya unene wa kidole kati yake. Nafasi hizo ni za kupitisha maji na hewa. Pipa la chuma halikai kwa tako lake lote, linakaa kwa ule ukingo wa mviringo wa chini. Ukingo ukishinda ndani ya maji, unaota kutu, na pipa linatoboka mapema.

Kabla ya kukaza misumari yote, pima pembe. Chukua kamba, pima kutoka kona moja mpaka kona inayoitazama. Kisha pima kona mbili zile nyingine. Vipimo vikiwa sawa, kichanja kiko mraba. Kama si sawa, sukuma kona iliyo ndefu mpaka vilingane.

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Chukueni vijiti vinne, mvipigilie kwenye kona kama fremu ya picha. Sukuma kona moja kwa kidole. Inalala, si ndiyo? Fremu imekuwa kama mkeka uliovutwa. Sasa pigilia kijiti cha tano kwa mshazari, kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili. Sukuma tena. Haiendi popote. Kijiti kimoja tu kimebadilisha kila kitu. Sababu yake ni kwamba umbo la pande tatu haliwezi kubadilika bila mbao kuvunjika au msumari kung'oka. Umbo la pande nne linalala bila kitu chochote kuvunjika. Tazama kenchi za paa lako. Fundi aliyeezeka alilijua hilo.

Kwa hiyo vile vipande vitatu vya sentimita 80 vipigilie chini ya miguu, upande wa kushoto, wa kulia na wa nyuma, kama sentimita 10 kutoka ardhini. Halafu ile mbao nyembamba ikate uweke mshazari kwenye pande hizohizo tatu. Mbele acha wazi, ndipo ndoo inapoingia. Mishazari mitatu inatosha. Usikubali fundi akuambie kuwa kichanja ni kifupi hakihitaji mshazari.

Hapa tuseme habari ya tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, saa 9 alasiri, mkoa wetu wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ardhi. Nguvu yake ilipimwa kuwa 5.9. Zaidi ya watu 15 walikufa, mamia waliumia, na nyumba nyingi sana zilianguka au kupasuka, hasa upande wa Bukoba na Missenyi. Tetemeko halisukumi kitu kutoka juu kwenda chini tu. Linakivuta pia kushoto na kulia. Kichanja kinaweza kubeba kilo 500 zikiwa zimetulia, lakini kikisukumwa kwa ubavu kinalala kama ile fremu yetu. Mshazari ndio unaokizuia. Na pipa lenyewe lisiteleze, chukua vile vipande vya sentimita 45 tulivyosema usitupe jikoni, ongeza kimoja kutoka mbao nyembamba, uvipigilie juu ya kichanja kulizunguka pipa pande nne.

Kwa sababu hiyohiyo hatupendi pipa liwekwe kwenye ukuta wa chumba ambacho watoto hulala. Kama lipo hapo, lihamishe. Tafuta kona ambayo ukuta wake ni mzima, na ambapo si njia ya watoto.

Mbao gani? Mvule na mninga ni mbao bora, lakini siku hizi bei yake inamfaa mwenye kujenga kanisa au hoteli. Sisi tunatumia mkaratusi, msindano au mgrevilea, ile iliyomo ndani ya vibanja vyetu. Mkaratusi una nguvu, lakini hupasuka ukipigiliwa. Toboa kwanza kwa keekee. Kama huna, gonga ncha ya msumari kwa nyundo mpaka iwe butu. Msumari butu unasukuma nyuzi za mbao na kuzikata, ule wenye ncha kali unazitenganisha, na ufa unakimbia. Msindano ni mlaini na rahisi kukata, ila ukilowa na kukaa hivyo unaoza upesi.

Mbao yoyote, usiitumie mbichi. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, misumari inalegea, na kile kichanja ulichokaza mwezi wa pili mwezi wa tano kinalia kama mlango. Panga mbao kivulini, juu ya mawe, na uweke vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite. Ziache miezi miwili au mitatu. Tunajua hakuna anayependa kungoja. Basi kata mbao sasa, msimu wa senene ukifika uwe unakunywa maji ya pipa.

Miguu usiichimbie. Mguu ndani ya udongo ni chakula cha mchwa. Na hata mchwa wasipokuja, mbao huoza pale inapotoka ardhini, mahali ambapo jicho halioni. Weka mawe bapa manne, na mawe hayo kwetu si haba. Chimba kidogo, shindilia udongo, laza jiwe. Mawe yote yawe sawa. Asiye na pimamaji achukue chupa nyeupe, aijaze maji aache hewa kidogo, aifunge, ailaze juu ya mbao iliyonyooka kutoka jiwe hadi jiwe. Kiputo kikikaa katikati, pako sawa. Kikikimbilia upande mmoja, upande huo ndio ulio juu.

Kwa nini tunasisitiza usawa? Gawa kilo 220 kwa miguu minne. Kila mguu unapata kilo 55. Mguu mmoja ukiwa hewani kwa unene wa msumari tu, mzigo wote unahamia kwenye miguu mingine, na mara nyingi miwili inayotazamana ndiyo inayobeba karibu wote. Na tafadhali, usisokomeze kijiti chini ya mguu mfupi. Kijiti kitalowa, kitaoza, kitatoka. Ondoa mguu, sawazisha jiwe. Upande wa chini wa miguu upake oili chafu ya gari mara mbili tatu, uache ikauke vizuri. Oili hiyo isifike kwenye pipa wala kwenye mbao za juu.

Tulipofika hapa siku ya mazungumzo, mzee mmoja alinyanyua mkono. Mwanawe yuko Mwanza, amemletea tangi la kioo la kufugia samaki wa kutazama. Sasa linakaa juu ya meza ya chai, na meza inalia. Watu walicheka, lakini swali ni zuri. Tangi lake tulilipima. Urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Zidisha, kisha ugawe kwa 1,000. Unapata lita 54. Hizo ni kilo 54 za maji, bila kioo na mchanga. Ni sawa na mtu mzima mwembamba aliyekaa juu ya meza ya chai siku zote.

Kichanja chake ni hikihiki, chembamba zaidi, mabega yaleyale, mishazari ileile. Tofauti ni moja. Pipa la chuma linavumilia mbao ikiinuka kidogo, kioo hakivumilii. Juu pasiwe na nafasi za kidole. Weka ubao mmoja mzima uliopigwa randa, na juu yake blanketi lililokunjwa au sponji nyembamba. Uso ukiwa umejipinda, kioo kitapasuka kwenye kona, na samaki watakuwa sakafuni. Tanki la plastiki nalo linataka uso mzima hivyohivyo, maana tako lake ni laini na linazama kwenye nafasi.

Mzee alisema anataka kuweka furu. Vijana waliuliza kwa nini mtu afuge samaki wa kukaanga. Basi tuwaambie kidogo. Ziwa letu lilikuwa na aina mamia za furu. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kila mahali. Furu wakapungua mno, na aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara hakuwa sababu peke yake, maji nayo yalichafuka, lakini alikula wengi. Baadhi ya aina za furu leo ziko hai ndani ya matangi ya kioo tu, Ulaya na Marekani, kwa watu waliozichukua kabla hazijaisha. Kwa hiyo mzee wetu hana wazimu. Kichanja chake kikianguka huko ng'ambo, kuna samaki wa ziwa letu ambaye hatarudi tena. Haya, turudi kwenye pipa.

Pipa lenyewe ulichunguze. Uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula linaoshwa na kufaa. Lililobeba dawa ya kuua wadudu, au lisilojulikana lilibeba nini, halifai kwa maji ya mtu hata likioshwa mara mia. Muuzaji atakuapia. Mwache nalo. Mdomo wa pipa ufunikwe kwa kifuniko, na pale maji yanapoingia pawe na wavu, maana mbu wanazaa kwenye maji yaliyotulia, na Muleba tunaijua malaria. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati na vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze mfereji kwenye pipa. Na maji ya kunywa yachemshwe, kama tulivyofundishwa tangu kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973.

Sasa kichanja kimesimama na pipa liko juu. Usingoje mvua ikijaribu. Kijaribu wewe mchana, watoto wakiwa mbali. Tia ndoo mbili. Inama, tazama miguu, sikiliza. Tia mpaka nusu, ngoja, tazama kama kuna jiwe lililozama. Likizama, toa maji, shindilia upya. Usijaribu kuinua kona ya kichanja pipa likiwa na maji, hata mkiwa watu sita. Kisha jaza kabisa. Sukuma kwa ubavu, taratibu. Kikitikisika, mshazari mmoja haujakaza. Kiache usiku kucha kikiwa kimejaa, na asubuhi kitazame tena kabla ya mtu yeyote kuja na ndoo.

Tumeulizwa na mama mmoja kama si afadhali kujenga kwa mawe na saruji. Ndiyo, mama, ni afadhali. Mwenye saruji na ajenge, kitamshinda umri. Lakini asiye nayo asiendelee kuweka pipa juu ya matofali matatu yaliyopangwa bila udongo. Hilo tumeliona katika nyumba nyingi tulipokuwa tunakuja hapa leo, tena nyumba mbili kati ya hizo zilikuwa na watoto wakicheza chini ya bomba.

Kila mwaka, mvua za masika zikiisha, pipa likiwa tupu, lishushe. Chukua kisu, choma mguu karibu na jiwe. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi mbivu, mguu huo umekwisha, ubadilishe. Kaza misumari, paka oili tena.

Jumamosi tutakata miguu ya kichanja cha kwanza hapahapa, saa 3 asubuhi, kabla ya watu kwenda gulioni. Mbao ziko tayari, zimekauka. Kila kikundi kije na msumeno mmoja, nyundo na kamba. Wanakisomo waje na penseli na daftari, maana vipimo watavisoma wao, na sisi tutakata wanavyosoma.